Selimundu: Ugonjwa wa Damu Tunaourithi

  Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya damu, na hasa juu ya ugonjwa mmoja wa damu ambao wengi wetu tumeuona kwa macho bila ya kujua asili yake. Watu wengi huuita sikoseli. Jina lake la Kiswahili ni selimundu.

Kabla ya kuanza, namwomba kila mwalimu atayarishe vitu hivi: makopo mawili, punje mbili nyeupe za maharagwe, na punje mbili nyekundu. Katika kila kopo atie punje moja nyeupe na moja nyekundu. Ziwe za ukubwa mmoja, ili mkono usiweze kuzitambua. Makopo yakae mezani mpaka nitakapoyataja.

Ugonjwa wenyewe

Pengine mmepata kumwona mtoto wa namna hii. Huzaliwa mzima. Hunyonya vizuri na kunenepa kama watoto wengine. Akifika miezi sita hivi, au baadaye kidogo, vidole vyake na nyayo zake huvimba, naye hulia usiku kucha. Macho yake huwa na rangi ya manjano. Mara kwa mara hupungukiwa na damu. Akikua, maumivu makali humshika katika mifupa, mgongoni au kifuani, hasa siku za baridi, au akikosa maji ya kunywa, au akipata homa. Baada ya siku chache maumivu humwacha, naye huamka akacheza. Watu wakiona hivyo husema, "Huyu amerogwa," au "Huyu ana mashetani." Wengine husema kuwa ni mvivu tu, anajisingizia.

Hakurogwa, wala hajisingizii. Sababu imo ndani ya damu yake.

Katika tone moja dogo la damu mna chembe nyekundu mamilioni. Chembe hizo wataalamu huziita seli. Seli nzima ni ya mviringo, laini, imebonyea katikati. Kazi yake ni kuchukua hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kila mahali mwilini. Kitu kinachoshika hewa hiyo ndani ya seli huitwa himoglobini, nacho ndicho kinachoipa damu rangi yake nyekundu.

Kwa mgonjwa wa selimundu, himoglobini si ya kawaida. Seli ikisha toa hewa yake, himoglobini hiyo hushikamana na kuwa kama vijiti vigumu. Basi seli hupindika, ikawa kama mundu, yaani kile chombo cha kukatia mpunga. Ndiyo asili ya jina lake. Seli zilizopindika hunasa katika mishipa midogo, kama takataka zinavyonasa katika mfereji wa shamba. Maji hayapiti, na miche iliyo mbele hunyauka. Vivyo hivyo, mahali ambapo damu haipiti pana maumivu. Tena seli hizo hazidumu. Seli nzima huishi siku 120 hivi, lakini iliyopindika huishi siku 10 mpaka 20 tu. Kwa hiyo mgonjwa hupungukiwa na damu, na macho yake huwa ya manjano.

Herufi moja

Daktari wa kwanza kuandika habari za seli hizi katika jarida la madaktari alikuwa James Herrick, wa mji wa Chicago, Marekani, mwaka 1910. Mgonjwa aliyemwona alikuwa kijana kutoka kisiwa cha Grenada, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Lakini ugonjwa haukuanza Chicago. Mwaka 2018, wachunguzi Daniel Shriner na Charles Rotimi walieleza kuwa, kwa kulinganisha urithi wa watu wengi, wamekadiria kwamba badiliko hili lilitokea kwa mtu mmoja tu hapa Afrika, yapata miaka 7,300 iliyopita. Watoto wake walilirithi, na wajukuu wakalirithi, mpaka likatufikia sisi.

Badiliko gani? Ninyi mnaojifunza kusoma mtanielewa upesi kuliko wengine. Andikeni ubaoni neno "mtu". Sasa futeni herufi ya mwisho, muandike "o". Limekuwa neno "mto". Mmebadili herufi moja tu, lakini maana ni nyingine kabisa.

Ndani ya kila mmoja wetu mna maandishi. Ndiyo yanayouambia mwili namna ya kutengeneza nywele, macho, mifupa na damu. Wataalamu huyaita DNA. Yana herufi nne tu, lakini urefu wake ni wa herufi zipatazo milioni elfu tatu. Kazi kubwa ya kuyasoma maandishi ya binadamu ilitangazwa kuwa imekwisha mwaka 2003, na mapengo yaliyobaki yalijazwa mwaka 2022. Sehemu moja ya maandishi hayo inayobeba agizo moja huitwa jeni.

Katika jeni ya himoglobini ya mgonjwa wa selimundu, herufi moja tu imebadilika. Agizo hilo hutengeneza kitu kilicho kama mkufu wa shanga 146, na kosa limo katika ushanga wa sita. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake, huko Marekani, walionyesha kuwa himoglobini ya wagonjwa si sawa na ya watu wengine. Mwaka 1956 Vernon Ingram, huko Cambridge, Uingereza, aligundua kuwa tofauti ni ya ushanga mmoja tu. Kosa dogo namna hiyo, na maumivu makubwa namna hii!

Makopo mawili

Sasa, Mwalimu, lete yale makopo.

Kila mtu ana maagizo mawili ya himoglobini hii. Moja amepewa na baba yake, na moja na mama yake. Punje nyeupe ni agizo zima. Punje nyekundu ni agizo lenye kosa. Mwenye punje mbili nyeupe ni mzima. Mwenye punje mbili nyekundu ni mgonjwa wa selimundu. Mwenye nyeupe moja na nyekundu moja si mgonjwa. Hulima, huzaa, huzeeka kama wengine, na mara nyingi hajui lo lote. Huyo tumwite mbebaji.

Kopo la kwanza ni la baba, na la pili ni la mama. Wote wawili ni wabebaji, na wote wawili wana afya. Mwanafunzi mmoja afumbe macho, atoe punje moja katika kila kopo. Punje hizo mbili ndizo mtoto. Andikeni ubaoni rangi zake, kisha kila punje irudi katika kopo lake. Rudieni mara ishirini.

Mtaona watoto wa namna tatu. Wapo wenye nyeupe mbili. Wapo wenye nyeupe na nyekundu, nao ni wengi zaidi. Na wapo wenye nyekundu mbili. Kwa hesabu, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Angalieni jambo moja ambalo watu hukosea sana. Kopo halikumbuki. Mtu akisema, "Tumekwisha pata mmoja mgonjwa, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima," amekosea. Kila mtoto ni kuchota upya. Nyumba moja yaweza kupata wazima watano mfululizo, na nyumba ya jirani ikapata wagonjwa wawili mmoja baada ya mwingine. Si kwa sababu ya dhambi, wala si kwa sababu ya uchawi.

Nyumbani kwetu

Nitawaeleza habari ya nyumba moja ninayoijua vizuri, maana ndiyo niliyozaliwa. Tulikuwa watoto watano. Mdogo wangu anifuataye alikuwa na ugonjwa huu, lakini hatukuujua. Kila maumivu yalipomshika alipelekwa katika zahanati moja, akapewa dawa ya malaria, akarudishwa nyumbani. Hakuna aliyempima damu kwa ajili ya jambo hili. Alifariki dunia wakati wa masika, akiwa na umri wa miaka saba.

Baada ya matanga maneno yakaanza. Wazee wa upande wa baba walisema kuwa mama ameleta mkosi, kwa maana katika ukoo wao hapajatokea mtoto wa namna ile. Baba alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kama kukubali. Mama akarudi kwao, akakaa huko karibu mwaka mzima. Sisi wanne tuliobaki tulilelewa na bibi.

Miaka mingi baadaye, nilipotaka kuoa, mimi na mchumba wangu tulikwenda kupimwa. Mimi nilionekana ni mbebaji. Mwenzangu hakuwa. Daktari alitueleza kuwa hatuwezi kupata mtoto mgonjwa wa selimundu, maana kopo la mke wangu halina punje nyekundu ya kutoa. Lakini huenda watoto wetu wakawa wabebaji kama mimi.

Nilikwenda nyumbani na makopo mawili na punje nne. Nikamwomba baba achote. Akachota mara nyingi, na kila mara aliuliza maana ya rangi zilizotoka. Mwisho zikatoka nyekundu mbili. Akaziangalia, akasema, "Kumbe moja ilikuwa yangu." Kisha akaniambia nimwite mama, nimweleze na yeye vile vile.

Nimewaeleza haya, si kwa kuwaaibisha wazazi wangu, ambao wameniruhusu kuyasema, bali kwa kuwa najua wako wanawake wengi walioachwa kwa sababu hii. Mtoto wa selimundu hawezi kuzaliwa na upande mmoja. Anayemshitaki mke wake ajue kuwa amejishitaki na mwenyewe.

Kwa nini kosa hili halikupotea?

Mwenye akili atauliza: kama jambo hili huua watoto, kwa nini halikwisha zamani? Jibu lilipatikana hapa Afrika ya Mashariki. Anthony Allison alikuwa mtaalamu aliyekulia Kenya. Mwaka 1949, alipokuwa akipima damu za watu wa makabila mbali mbali, aliona kuwa wabebaji ni wengi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, lakini katika nyanda za juu zenye baridi ni wachache sana. Akajiuliza, ni kitu gani kilichoko pwani na ziwani kisichokuwako milimani? Ni mbu wa malaria. Alifanya uchunguzi zaidi, na mwaka 1954 akatoa majibu yake: mbebaji ana kinga dhidi ya malaria.

Mwaka 2005 uchunguzi wa Kilifi, pwani ya Kenya, ulithibitisha jambo hili kwa hesabu. Kwa watoto wabebaji, hatari ya kupata malaria kali ilipungua kwa karibu asilimia 90. Basi zamani, malaria ilipoua watoto wengi, wabebaji waliokoka, wakazaa, wakaliendeleza agizo lile.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Mwenye kinga ni mbebaji, yaani mwenye punje nyekundu moja. Mgonjwa mwenye mbili hana usalama huo. Malaria ikimpata humaliza damu yake upesi, na yaweza kumwua. Mtoto mwenye selimundu ndiye wa kwanza kulala ndani ya chandarua.

Dawa zilizopatikana

Mwaka 1948 daktari mmoja wa New York, Janet Watson, aliuliza swali dogo: kwa nini watoto wachanga hawaumwi? Sababu ni hii. Mtoto tumboni ana himoglobini ya namna nyingine, tuiite himoglobini ya utotoni, nayo haina kosa lile. Baada ya kuzaliwa, mwili huizima polepole na kuanza kutengeneza ile ya ukubwani. Ndipo ugonjwa hutokea. Basi wataalamu wakafikiri: je, tukiiwasha tena ile ya utotoni?

Dawa moja iitwayo haidroksiyurea hufanya hivyo. Ni ya kumeza. Ilikubaliwa Marekani mwaka 1998 kwa wagonjwa wakubwa. Wengine waliogopa kuwa huku kwetu, penye malaria na magonjwa mengine, itawadhuru watoto. Kwa hiyo ikafanywa majaribio katika miji minne ya Afrika: Kinshasa, Luanda, Mbale katika Uganda, na Kilifi. Watoto 606 wa umri wa mwaka mmoja mpaka kumi walipewa dawa hii. Majibu yalichapishwa mwaka 2019. Mashiko ya maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu. Kutiwa damu kulipungua, na vifo vilipungua. Hata malaria, iliyoogopwa, ilipungua kwa karibu nusu. Dawa hii lazima itolewe na daktari, naye hupima damu ya mgonjwa mara kwa mara. Mtu asiinunue na kuimeza kwa kubahatisha.

Mapema zaidi, mwaka 1986, uchunguzi wa Marekani ulionyesha kuwa watoto wadogo wenye selimundu wakipewa penisilini kila siku, huepukana kwa sehemu kubwa na maambukizo hatari ya damu. Penisilini si dawa ngeni wala ya bei kubwa. Lakini haiwezi kumsaidia mtoto ambaye hajajulikana kuwa mgonjwa. Ndiyo maana kupima watoto wangali wachanga ni jambo kubwa. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wataalamu akiwamo Profesa Julie Makani wamekuwa wakiwafuatia maelfu ya wagonjwa tangu mwaka 2004, nasi tumejifunza mengi kwao.

Sasa nifikie habari mpya kuliko zote. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walieleza namna ya kutumia kitu kilicho kama mkasi mdogo mno, kiitwacho krispa, kukata maandishi ya DNA mahali panapotakiwa. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2020. Kwa mkasi huo madaktari hutoa seli zinazozaa damu kutoka kwa mgonjwa, hukata agizo linaloizima himoglobini ya utotoni, kisha huzirudisha seli hizo mwilini. Mwezi wa Novemba 2023 Uingereza ilikubali tiba hii, iitwayo Casgevy, na Marekani ikafuata mwezi wa Desemba. Katika wagonjwa 31 waliofuatiwa muda wa kutosha, 29 walikaa mwaka mzima au zaidi bila ya shiko kubwa la maumivu.

Ni habari ya furaha, lakini sitawadanganya. Kabla ya kurudishiwa seli zake mgonjwa hupewa dawa kali sana, tena hukaa hospitali kwa majuma mengi. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Mwaka 2021, kwa makadirio, watoto zaidi ya laki tano duniani walizaliwa na selimundu, na wengi wao, zaidi ya robo tatu, walizaliwa katika Afrika ya kusini ya Sahara. Wataalamu wanatafuta njia iliyo rahisi zaidi. Sisi tusikae kuingojea mikono mitupu, maana yako mambo tunayoweza kuyafanya leo.

Mambo ya kufanya

Kwanza, mtoto akivimba vidole, au akipungukiwa na damu mara kwa mara, au akiwa na macho ya manjano, mwambieni mganga wa hospitali, "Tunaomba apimwe selimundu." Semeni maneno hayo hayo. Msione haya kuomba.

Pili, mgonjwa anywe maji mengi, asikae katika baridi, alale ndani ya chandarua, na apate chanjo zake zote na dawa alizoandikiwa.

Tatu, mgonjwa akipata homa kali, au akihema kwa shida, au akilegea upande mmoja wa mwili, au tumbo likivimba ghafula, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kesho.

Nne, vijana wanaotaka kuoana wapimwe. Sisemi wabebaji wawili wasioane. Hilo ni shauri lao wenyewe. Nasema wajue mapema, wapate ushauri, na mtoto akizaliwa apimwe upesi.

Tano, mtoto mwenye selimundu aende shule. Akikosa siku kadha kwa maumivu, mwalimu asimpige wala asimwite mvivu. Ampe nafasi ya kunywa maji, na amfundishe yale yaliyompita.

Wasikilizaji wapenzi, nitafurahi kama jioni ya leo kila mmoja wenu atawaonyesha watu wa nyumbani kwake makopo mawili na punje nne.  

Maswali ya kuzungumzia darasani

1. Kwa nini ugonjwa huu umeitwa selimundu?
2. Mbebaji na mgonjwa wana tofauti gani?
3. Katika kuchota mara ishirini, mlipata watoto wangapi wenye punje nyekundu mbili? Linganisheni na darasa jingine.
4. Mume mwenye punje nyeupe na nyekundu ameoa mke mwenye nyeupe mbili. Je, waweza kupata mtoto mgonjwa? Elezeni kwa makopo.
5. Kwa nini mtoto mchanga mwenye selimundu haumwi katika miezi ya kwanza?
6. Jirani yako amemfukuza mke wake kwa sababu mtoto wao ana selimundu. Utamwambia nini? Kila mwanafunzi aandike majibu yake kwa mistari mitano.